Nina vijana sita gereji: niwaandaeje kwa uchumi wa maarifa?

Swali: Mtaalamu, nina gereji ndogo Nyakato, Mwanza, na vijana sita. Wawili wamesoma ufundi wa magari chuoni, watatu ni wa kidato cha nne, na mmoja aliishia darasa la saba. Huyu wa mwisho kusoma kwake ni kwa shida, lakini mkono wake ni mzuri kuliko wote. Kila mkutano wa wafanyabiashara naambiwa dunia imeingia kwenye uchumi wa maarifa, tuwaandae vijana. Nimenunua kompyuta mbili na skana ya kusoma hitilafu za gari, na bado magari yanarudi na matatizo yale yale. Niwapeleke kozi ya kompyuta? Na nikishawafundisha wakaondoka, nitakuwa nimepata nini?

Jibu: Ndugu yangu fundi, salamu kwako na kwa vijana wako. Nianze na la kompyuta, maana ndilo linalotaka kukutoa fedha wiki hii: kozi hiyo isubiri. Skana umeshanunua na inasoma. Magari yanarudi kwa sababu vijana wanaishia pale inaposoma, na hakuna aliyewaonyesha namna ya kuondoka hapo mpaka kwenye chanzo cha hitilafu. Safari hiyo ya kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo ndiyo uchumi wa maarifa wenyewe ukishafika Nyakato, na inafundishika kwako, kwa magari yaliyopo uani sasa hivi.

Wengi wakisikia uchumi wa maarifa huwaza ofisi yenye kiyoyozi na vijana wanaoandika programu. Hao wamo, ila ni wachache. Kwa upana wake, maana yake ni kwamba fedha ya mteja inazidi kulipia uamuzi sahihi kuliko kulipia nguvu na muda. Ufundi wa magari uliingia humo kabla hotuba hazijaanza. Enzi za kabureta fundi mzuri alikuwa na sikio, pua na vidole: alifungua, akasafisha, akakaza skrubu ya hewa, akasikiliza. Kwenye IST au Noah ya leo, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, ndiyo inayoamua kila nozeli imwage mafuta kiasi gani, na inaamua kwa kusoma sensa, vile vipimo vidogo vilivyofungwa kwenye injini. Marekani ililazimisha magari madogo yote mapya kuanzia mwaka 1996 yawe na mfumo mmoja wa kutoa namba za hitilafu, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na ndiyo sababu skana moja ya bei ndogo inaweza kuongea na magari ya viwanda vingi. Tangu hapo kubadilisha kifaa kumekuwa upande rahisi wa kazi. Sensa ya oksijeni inafunguka kwa spana moja. Kujua kwamba sensa hiyo haina kosa, na kuiacha mahali pake, ndiko kunakomwokolea mteja fedha na kukujengea wewe jina.

Chukua namba ambayo bila shaka umeshaiona mara nyingi, P0171. Skana inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa kwa mafuta yaliyopo. Kijana anasoma, anaona sensa ya oksijeni imetajwa kwenye maelezo, anamwambia mteja alete fedha ya sensa. Anafunga, anafuta taa, gari linaondoka. Siku ya tatu liko Magu, taa imewaka tena, na mteja anapiga simu akiwa na hasira. Lakini sensa ya oksijeni ilikuwa imefanya kazi yake vizuri: imeona hewa imezidi kwenye moshi na ikatoa taarifa. Aliyeleta habari za moto siye aliyewasha moto.

Sasa chanzo kinaweza kuwa wapi? Bomba la hewa limepasuka baada ya sensa ya hewa, ile mnayoiita eflo, kwa hiyo hewa inaingia bila kuhesabiwa. Au eflo yenyewe imejaa vumbi na inahesabu pungufu. Au mpira wa vakyumu umekauka ukachanika, au gasketi ya manifodi inavuta hewa pembeni. Au tatizo liko upande wa mafuta: pampu imechoka, filta imeziba, nozeli zimebana. Hayo ni mambo saba, na mtu anayebahatisha ataanza na lile ambalo spea yake iko duka la jirani.

Anayefikiri anafanya hivi. Anafungua kwenye skana ukurasa wa taarifa za moja kwa moja na kuangalia kontrol boksi inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi ili kurekebisha. Anasoma gari likiwa sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha anapandisha mizunguko hadi kama 2,500 na kusoma tena. Marekebisho yakiwa makubwa kwenye sailensa na yakapungua mizunguko inapopanda, ashuku hewa inayovuja, kwa sababu tundu lile lile dogo ni jambo kubwa injini inapovuta hewa kidogo na ni jambo dogo injini inapovuta nyingi. Yakizidi kupanda gari linapopewa mzigo, ashuku mafuta hayatoshi au eflo inadanganya. Dakika tano, bila kununua kitu. Orodha ya mambo saba imebaki mawili au matatu, na hayo anaweza kuyakagua kwa macho na kwa kipimo cha presha ya mafuta.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi, kwa sababu katika mfano huu mmoja kuna karibu yote ninayotaka uwape vijana wako. Hakuna kozi ya kompyuta itakayowapa. Kijana anaweza kujua kuandika barua na kuchora jedwali na bado akabadilisha sensa isiyo na kosa. Kukaa mbele ya kompyuta peke yake hakumfanyi mtu kuwa mfanyakazi wa maarifa. Nairobi vijana wengi, wenye shahada wakiwamo, wamefanya kazi ya kuchuja picha na maandishi mabaya ya mitandao ya kijamii kwa ajili ya kampuni za nje. Walikaa kwenye skrini kutwa, huku kanuni za nini kiachwe na nini kiondolewe zikiandikwa mbali, na malipo yakiwa madogo. Mei 2023 walipiga kura kuunda chama chao cha wafanyakazi. Teknolojia walikuwa nayo. Uamuzi haukuwa mikononi mwao. Kijana wako anayeruhusiwa kuamua akiwa na multimita, kile kipimo cha umeme, mkononi yuko mbele yao katika uchumi huu, hata kama ovaroli yake imejaa oili.

Basi uanze wapi? Anza na multimita, na sharti moja: asiguse waya kabla hajatamka namba anayoitarajia. Betri iliyojaa na kupumzika, sema kwanza: volti 12.6. Gari likiunguruma na altaneta ikichaji, sema kwanza: kati ya 13.8 na 14.5. Kisha pima. Kijana akitamka kabla ya kupima, namba inayotokea inamwambia kitu, kwa kuwa ama imekubaliana naye ama imempinga, na ikimpinga anaanza kuuliza. Asipotamka, kila namba inaonekana sawa. Nimeona wanafunzi wa chuo waliofaulu hesabu za umeme vizuri wakisimama na multimita inayoonyesha volti 11 huku gari likichaji, wakaandika namba hiyo na kuendelea na mambo mengine. Darasani waliijua kanuni, ila hawakuzoea kuitumia kutarajia kitu.

Kutoka hapo wafundishe kupima upotevu wa volti, kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote katika gereji zetu. Gari linakokota kuwaka, kijana anashauri betri mpya. Mwambie aweke ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya injini, mwenzake apige stata. Ikizidi volti 0.2, waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi, au mshiko wake una kutu au umelegea. Kuna betri nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya boliti moja yenye kutu, na kila moja ililipiwa na mtu aliyemwamini fundi.

La pili ni daftari, na hapa nakusihi usilichukulie kama karatasi za ofisini. Ujerumani kijana anayejifunza ufundi wa magari anafanya kazi gerejini kwa mkataba na kwenda chuo siku moja au mbili kwa wiki, kwa miaka mitatu na nusu. Muda wote huo anaandika kitabu cha taarifa za mafunzo yake, na asipokuwa nacho haruhusiwi kuingia mtihani wa mwisho. Wanajua kwamba mtu akiandika alichofanya analazimika kukielewa. Kwako daftari moja kubwa la gereji linatosha, au faili kwenye zile kompyuta mbili ulizokwisha kununua, maana hiyo ndiyo kazi nzuri zaidi ninayoiona kwao. Kwa kila gari andikeni: mteja alilalamikia nini kwa maneno yake mwenyewe, tulipima nini na namba ilikuwa ngapi, tulidhani ni nini, tulifanya nini, na safu ya mwisho, gari lilirudi au halikurudi.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayowauma, na ndiyo itakayowafundisha. Baada ya nusu mwaka utakuwa na kitu ambacho mhandisi wa kiwandani Japani hana: kumbukumbu ya jinsi Noah iliyotoka Japani ikiwa imetumika inavyozeeka kwenye vumbi na mashimo ya barabara za Kanda ya Ziwa. Utajua ni modeli gani eflo yake inachafuka mapema, ni ipi waya zake hukatika penye mlango wa nyuma, ni spea gani ya bandia iliyodumu na ipi iliyokufa. Maarifa hayo hayauzwi dukani, na leo yamo kichwani mwako peke yako. Ukiugua mwezi mmoja, gereji inasimama. Yakiwa kwenye daftari, kijana wa mwaka wa kwanza anayasoma jioni.

La tatu ni gumu zaidi kuliko vifaa, maana linagusa malezi yetu. Vijana wako lazima waruhusiwe kukuuliza kwa nini, na kusema tusimame. Magari mengi unayotengeneza yalitoka kwenye kampuni iliyojengwa juu ya jambo hilo hilo. Sakichi Toyoda, kabla familia yake haijaingia kwenye magari, alitengeneza mashine ya kufuma nguo ambayo ilisimama yenyewe uzi ulipokatika, ili isiendelee kufuma nguo mbovu. Baadaye Taiichi Ohno, aliyesimamia uzalishaji wa Toyota, alisisitiza mfanyakazi wa kawaida awe na mamlaka ya kusimamisha mstari mzima wa kiwanda akiona kasoro, na akawazoesha watu kuuliza kwa nini mara tano mpaka wafike kwenye mzizi. Mfanyakazi wa chini kabisa alihesabiwa kuwa mtu mwenye macho na akili.

Kwetu kijana anaamkia shikamoo fundi, kisha ananyamaza hata akiona unafunga boliti isiyo yake. Ananyamaza kwa heshima, na heshima hiyo naipenda na sitaki ife. Lakini wewe mkubwa ndiye unayeweza kuifungulia mlango. Kila asubuhi kabla ya spana ya kwanza, wakusanye kwa robo saa juu ya gari moja lililorudi. Aliyelitengeneza ndiye anayelieleza, wengine wanauliza, na ni mwiko kumcheka. Siku gari lililorudi ni lako wewe, lieleze wewe, kwa utaratibu ule ule. Hapo ndipo wataamini kwamba unamaanisha. Wiki za kwanza kutakuwa na ukimya, vumilia. Atakayevunja ukimya mara nyingi ni yule mdogo kuliko wote, na namna utakavyolipokea swali lake itaamua kama wengine watafuata.

Nije kwenye mgawanyo wa kazi. Bila shaka gereji yako, kama nyingi, ina fundi injini upande huu na fundi umeme upande ule, na gari linasukumwa kati yao. Ujerumani fani hizo mbili zilikuwa mbali mbali, na mwaka 2003 zikaunganishwa kuwa fani moja, kwa sababu ilikuwa haiwezekani tena kusema hitilafu hii ni ya chuma na hii ni ya waya. Gari linamisi, injini inaruka bila kuwaka sawasawa: je, ni plagi, koili, waya wa koili, nozeli au valvu? Kila kijana wako ajue ya kutosha kwa pande zote mbili ili aweze kutenganisha, hata kama mwishoni kazi ya kufungua injini anampa mwenzake.

Na magari ya haibridi, yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, yameshafika. Hapa sina mzaha hata kidogo. Betri kubwa ya Prius, mojawapo ya magari hayo, ina zaidi ya volti 200, na waya zake za rangi ya machungwa zinaua. Asiwepo kijana atakayegusa waya hizo kwa kujifunza kwenye video peke yake. Plagi ya usalama ichomolewe na ikae mfukoni mwa anayefanya kazi, asubiri muda ulioelekezwa kwenye kitabu cha gari ili umeme uliohifadhiwa uishe, avae glavu za umeme zilizokaguliwa, apime kuthibitisha hakuna umeme, ndipo aguse. Ukikosa glavu na kitabu, likatae gari hilo na umwelekeze mteja penye uwezo. Kujua mpaka wako ni sehemu ya ujuzi, na vijana watajifunza hilo kwa kukuona ukilikataa.

Nimetaja kitabu cha gari, na hapo kuna kikwazo kikubwa. Maelekezo ya watengenezaji yako kwa Kiingereza, na vijana wengi wa kidato cha nne wamesoma miaka minne kwa lugha hiyo bila kuimiliki. Usiwalaumu, wamekaririshwa. Fanya hivi: kila wiki ukurasa mmoja tu wa kitabu cha modeli mnayoipokea sana. Usomeni pamoja, mkieleza kila sentensi kwa Kiswahili mbele ya gari lenyewe, mkishika kifaa kinachotajwa. Maneno ya fani hii hayazidi mia chache na yanajirudia. Mwaka ukiisha kijana ambaye alikuwa anaogopa ukurasa atakuwa anautafuta mwenyewe.

Video na akili mnemba kwenye simu waache watumie, tena uwahimize. Kijana wa Nyakato leo anaweza kumwona fundi wa Osaka akifungua gia boksi ile ile iliyo mezani kwake, jambo ambalo kizazi chetu hakikulipata. Weka kanuni moja tu: jibu la simu ni dhana, na dhana huenda kwenye multimita kabla ya kwenda kwenye mfuko wa mteja.

Hao wawili waliosoma chuoni usiwafanye wa kuosha magari na kutumwa chai. Najua wanakuja na maneno mengi na mikono laini, na mafundi wazoefu huwaona wanajidai. Mmoja wao mpe kazi ya kutunza daftari, na kumfanya akueleze, kwa mfano, kwa nini volti inapotea kwenye kutu. Utashangaa jinsi anavyoanza kuielewa fizikia yake mwenyewe. Mabadiliko ya mitaala yaliyoanza kutekelezwa Januari 2024, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, yameleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, kwenye sekondari. Kwa hiyo watakuja wanafunzi wengi zaidi wanaohitaji mahali pa kushika kazi, wengine wakiwa wadogo. Karakana za shule haziwezi kuwa na gari bovu jipya kila asubuhi, wewe unalo. Mkuu wa shule au chuo akikuletea wanafunzi, pokea wachache unaoweza kuwasimamia kweli, na mkubaliane kwa maandishi watakachojifunza. Kuwarundika kumi na kuwaacha wakae kijiweni ni kuwaibia.

Akija msichana, mpokee kwa masharti yale yale, choo na mahali pa kubadilishia nguo vikiwapo kabla hajaanza. Kazi hii sasa inataka akili na utulivu kuliko misuli, na kreni ya kunyanyulia injini haichagui jinsia.

Sasa hofu yako ya kuondoka. Ni hofu ya kweli. Utampa kijana miaka mitatu, na asubuhi moja mwenye gereji kubwa mjini anampa mshahara mkubwa zaidi. Mafundi wengi wa zamani waliitibu hofu hii kwa kuficha: wakati wa kutaimu injini au kurekebisha pampu ya dizeli, kijana alitumwa dukani. Matokeo tunayaona. Fundi akifa, ujuzi unazikwa naye, na waliobaki kwake ni wale ambao hawakuwa na pengine pa kwenda. Kwa kazi ya sasa kuficha kunakuumiza haraka zaidi, kwa kuwa gari moja linapita mikononi mwa watu watatu, na asiyejua mmoja ndiye atakayelirudisha.

Waigbo wa Nigeria wanaliangalia jambo hili kwa namna ninayoiheshimu sana. Kijana anakaa kwa bwana wake wa biashara kwa miaka waliyokubaliana, anajifunza na kufanya kazi, na tangu mwanzo inajulikana kwamba ataondoka. Mwisho wa muda bwana anampa mtaji wa kuanzia. Kuondoka kumepangwa, kwa hiyo hakuna anayetoroka. Anayeondoka hivyo hubaki kuwa mtu wa nyumba, na biashara inapita kati yao. Huna sababu ya kuiga kila kitu, lakini unaweza kuandika makubaliano na kila kijana, mzazi au mlezi wake akishuhudia: muda gani, atajifunza nini kila mwaka, posho yake itapanda akifikia hatua ipi, na akimaliza vizuri utampa nini, hata kama ni boksi la spana na multimita yake. Posho ipande kwa kile anachoweza kufanya peke yake bila gari kurudi, na hapo daftari litakuwa shahidi wenu. Kijana anayeona ngazi inayofuata hakimbilii kila anayempungia mkono.

Wengine wataondoka hata hivyo. Mmoja atafungua gereji Geita, mwingine Bariadi, na siku atakapopata kazi inayomshinda atakupigia wewe. Nami nakuambia waziwazi ninavyoamini: kijana aliyetoka kwako akiwa fundi kamili ni faida kwa nchi hii hata kama hukumtuma wewe huko aliko. Barabarani kuna daladala zilizojaa watoto wa shule, na breki zake hutengenezwa na mtu fulani aliyefundishwa mahali fulani.

Nimemwacha wa mwisho kijana wako wa darasa la saba, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kupotea katika mipango hii yote. Ukianzisha daftari na kurasa za Kiingereza bila kumwangalia, ataona aibu, ataanza kukwepa, na utampoteza mkono mzuri kuliko wote. Mpange na yule wa chuo wafanye kazi pamoja. Yeye anatamka alichoona na kupima, mwenzake anaandika mbele yake, kisha anamsomea kwa kidole kikifuata maneno. Maneno ya daftari hayazidi machache anayokutana nayo kila siku: breki, betri, mafuta, hewa, imerudi. Namba tayari anazijua, maana anasoma spana. Mtu mzima anajifunza kusoma upesi anapokuwa na sababu iliyo mbele ya macho yake, na muda wa kufanya hivyo ni ule wa jioni mkisubiri mteja wa mwisho, wengine wakiwa wameshaondoka.

Wakati huo huo ulizia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hapo Mwanza kuhusu utaratibu wao wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Wanampima fundi aliyejifunzia kazini, wanabaini mapengo, anapewa mafunzo ya kuyaziba, na akifaulu anapata cheti. Kabla ya kwenda, mpe miezi kadhaa ya kutamka namba kabla ya kupima na ya kueleza magari yake asubuhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mpimaji atamtaka aseme kwa nini amefanya alichofanya. Nenda naye siku ya kujiandikisha, na ubebe kurasa za daftari zenye kazi zake.